Mtoko wa Mji Mkongwe: Njooni Wawili, Mje na Njaa

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba wikiendi hii unakwenda Zanzibar na mwenzi wako, moja kwa moja akilini mwake inakuja Nungwi: kitanda chenye chandarua cheupe, madafu mawili yenye mirija, na picha za kuwarusha roho mashosti. Sina ugomvi na Nungwi. Fungate yetu tuliila huko na tulilala usingizi mzuri sana. Lakini kwa wapenzi ambao wameshakaa pamoja miaka kadhaa, wenye watoto, ada za shule na lile neno moja ambalo kila mtu analikwepa, ushauri wangu ni tofauti. Mkishuka kwenye boti, ziacheni teksi za ufukweni ziende zake, mwingie Mji Mkongwe kwa miguu. Ufukweni mtu anaweza kukaa nyuma ya miwani ya jua siku tatu nzima bila kusema la maana. Kwenye vichochoro vile hakuna pa kujificha, ingawa upo mtaa unaoitwa Kajificheni.

Sisi tulikuwa na neno letu. Baba watoto alikuwa amepata mkataba wa miaka miwili Maskati, kazi ya mizigo na meli, mshahara wa kueleweka, nyumba juu ya mwajiri na ruhusa ya kwenda na familia. Jibu lilitakiwa Jumatano. Kwa wiki tatu tulikuwa tumelijadili kwa meseji tu, kila mmoja akiwa ofisini kwake, halafu usiku nyumbani tunazungumzia luku na mtoto gani hajamaliza kazi ya shule. Basi watoto tukawapeleka kwa bibi yao, na Jumamosi saa moja asubuhi tukawa ndani ya boti.

Safari ni kama saa mbili. Kitambulisho usisahau, na kama ni miezi ya kusi usijaze tumbo kabla, maana mkondo wa katikati hauna adabu. Mkifika bandarini mtapokewa na vijana wanaotaka kuwatembeza, kuwatafutia chumba, kuwauzia viungo, vyote kwa pumzi moja. Wenyeji wanawaita papasi, jina la yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Wasalimieni vizuri, kataeni kwa tabasamu, endeleeni kutembea. Ukitaka mtu wa kukuelezea historia, tafuta mtembezaji mwenye kitambulisho cha kazi na mpatane bei kabla hamjapiga hatua.

Chai kwanza, historia baadaye

Wageni wengi huanzia Forodhani kwa sababu ndipo penye picha. Sisi tuliuzunguka mji tukaanzia mgongoni, Darajani, kwa sababu ndipo penye chai. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904. Jina limetokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukiutenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa na daraja halipo tena, lakini Ng'ambo imebaki kuwa Ng'ambo, hata kama unachovuka leo ni barabara ya magari.

Asubuhi ndiyo saa ya kuliona soko lile. Upande wa samaki kuna mnada: jodari wamelazwa sakafuni kama watoto wa bweni, pweza wananing'inia, mnadi anaimba bei kwa kasi ambayo hata masikio ya Kariakoo hayaidaki. Harufu ni kali, siwadanganyi. Mwenye pua nyepesi apite haraka aende kwenye viungo, penye karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga, ajirudishie heshima. Kisha kaeni mnywe chai ya viungo kwa mkate wa kumimina na vitumbua. Baba watoto aliagiza na supu ya pweza, akanikonyeza. Si unajua tena sifa zake. Muuza supu akasema, "Mtilie na bibie, maana peke yako hutafika mbali," na benchi zima likacheka.

Huyo ndiye mume wangu. Dakika tano alikuwa ameshajua muuza supu ana watoto wangapi na ni shabiki wa timu gani. Mimi nilikuwa nimeshika simu, naangalia ramani. Ikanijia pale pale, na kitumbua mdomoni, kwamba hivi ndivyo tutakavyoishi Maskati. Yeye atapata marafiki kuanzia kwa mlinzi wa geti, mimi nitakuwa ndani na simu.

Mkunazini

Kutoka Darajani hadi Mkunazini ni mwendo mfupi, lakini hapa punguzeni kelele. Kanisa kuu la Anglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, Mwingereza aliyekisoma na kukiandikia Kiswahili kuliko wageni wengi wa zama zake. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa humo ndani, nyuma ya altare. Mbele ya altare utaonyeshwa mahali ambapo inasimuliwa kwamba ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Pia kuna msalaba mdogo wa mti uliotoka Chitambo, Zambia ya leo, pale moyo wa David Livingstone ulipozikwa.

Nje kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mwaka 1998 ya msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden. Sanamu zimezama hadi kiunoni hivi, na wewe unasimama juu unawatazama, kama mnunuzi alivyowatazama. Nadhani msanii alikusudia hivyo. Kulikuwa na wapenzi wawili waliokuwa wakijipiga picha pale huku wanacheka, nikatamani kuwavua simu. Milango yote ya nakshi tutakayoisifia mchana ililipiwa na karafuu, pembe za ndovu na watu. Mkipita Mkunazini mbio ili mwahi chakula, mtakuwa mmeona nusu ya mji.

Hatukuongea kwa muda. Sikumbuki nani alimshika mwenzake mkono.

Chakula cha mchana tulikipata hukohuko Mkunazini, kwenye mgahawa mmoja wenye sufuria zimepangwa mbele yako, unanyoosha kidole tu. Tulichukua pilau, pweza wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha na chapati mbili, tukachanganya kwenye meza moja. Ushauri wa bure: msiagize sahani mbili zinazofanana. Kula kwa kuchovya kwenye sahani ya mwenzio ni mahaba ambayo hoteli kubwa haziwezi kukuuzia.

Vichochoro

Baada ya kula, potezeni njia. Sisemi kwa mzaha. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sehemu kubwa ya urithi wenyewe ni huu mpangilio wa njia ambazo ramani ya simu inazikosea. Nyumba zimekaribiana kiasi kwamba mkikutana na mwenye vespa, mnajibanza ukutani wote wawili, na mkikutana na mwenye mkokoteni mnaingia kwenye kizingiti cha watu. Mara nyingi mnatembea mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikagundua kwamba maneno mazito ni rahisi kuyasema kwa mgongo wa mtu kuliko kwa uso wake. Baba watoto alikuwa mbele, akasema bila kugeuka, "Unajua sijakwambia kwamba na mimi naogopa." Halafu ikapita vespa.

Angalieni milango. Yenye tao juu, iliyogawanyika kwa kukunja, mingi ina asili ya Kihindi. Ile ya mraba yenye maandishi ya Kiarabu juu ya fremu ni ya Kiarabu. Minyororo, samaki, mitende na mayungiyungi yamechongwa kwenye miimo. Ile misumari mikubwa ya shaba inasemekana asili yake ni India, ilikowekwa kuzuia tembo wa vita wasiusukume mlango. Zanzibar haikuwa na tembo wa vita, ila haikukosa watu waliopenda kuonekana wana uwezo. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza, kile kikalio cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Wazee wakiwa wamekaa, salimieni. Haigharimu kitu na ndiyo njia bora kuliko zote ya kuulizia mnakotoka na mnakokwenda.

Upande wa bahari mtatokea Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno. Humo ndimo tamasha la Sauti za Busara lilipoanza kuwakusanya watu Februari 2004. Jirani yake ni Beit-el-Ajaib, jumba aliloliinua Barghash mwaka 1883, la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Lilinusurika mizinga ya Waingereza Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja, lakini Desemba 2020 upande wake mmoja ulianguka wakati wa ukarabati na mafundi wawili wakapoteza maisha. Kabla ya kupanga kuingia, ulizeni kwanza kama pamefunguliwa. Sisi tuliliangalia kwa nje, tukapinda kurudi ndani ya mji, kuelekea Hurumzi, maana nilikuwa na mtu wangu wa kumwona.

Salme

Kama humjui Bibi Salme, kaa vizuri. Alizaliwa mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said. Wasichana wa nyumba yake walifundishwa kusoma lakini si kuandika, yeye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Qurani kwenye mfupa mpana wa bega la ngamia. Baba yake alipofariki na kaka zake, Majid na Barghash, wakagombea kiti, Salme akiwa na miaka kumi na mitano hivi ndiye aliyekuwa akiandika barua za upande wa Barghash. Jaribio likashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na binti akabaki katikati ya familia iliyokatika vipande.

Ndipo akahamia nyumba iliyopakana na ya mfanyabiashara kijana wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Sasa wewe umeshaviona vichochoro. Dari la huyu na dari la yule, unaweza karibu kumpokeza mtu kikombe. Walianza kwa kuonana, wakaja kuongea, na mambo yakaenda yalikokwenda. Salme akapata ujauzito. Agosti 1866 akaondoka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza, Highflyer, hadi Aden. Mwaka uliofuata Heinrich akamfuata; siku aliyobatizwa na kupewa jina la Emily ndiyo siku waliyofunga ndoa.

Wengi tunaishia hapo, tunasema "ooh, mapenzi hayo!" Kwenye makumbusho madogo ya Salme pale Hurumzi, baba watoto naye aliishia hapo. "Alimpenda kweli," akasema.

"Alimpenda," nikamwambia. "Endelea kusoma."

Mtoto wao wa kwanza alifariki wakiwa njiani kwenda Ujerumani. Walipata wengine watatu. Agosti 1870 Heinrich akafa kwa ajali ya tramu, na Salme, mwenye miaka ishirini na mitano, akabaki Hamburg na watoto wadogo, lugha ya kuokoteza, fedha zisizotosha na familia ambayo haikutaka kumpa urithi wake. Alirudi Zanzibar mara mbili, mwaka 1885 na 1888, kudai haki yake. Barghash, yuleyule aliyemwandikia barua, hakumpokea. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, mmoja wa wanawake wa kwanza kutoka ulimwengu wa Kiarabu kufanya hivyo. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba kati ya vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Mume wangu alisoma mpaka mwisho, akarudi akasoma tena. Sikumwongezea neno. Maskati si Hamburg ya 1866, hilo nalijua, kuna ndege na kuna simu za video. Lakini mwanamke anayefuata mume hadi nchi ya watu bila kazi yake, jina lake wala fedha zake, bado anauliza maswali yaleyale: siku likitokea la kutokea, mimi ni nani hapa?

Urojo na swali

Saa kumi njaa ilirudi, tukatafuta urojo. Wabara wengi tunauita "mix" na kuuchukulia kama supu; mwenyeji atakwambia kwamba urojo ni ule ukoga wa njano wenye ngano, manjano na uchachu wa embe mbichi, na kila kilichomo ndani ni wageni waalikwa: bajia, kachori, viazi, mishkaki, yai, chatine ya nazi, chipsi za muhogo juu ili zivunjike mdomoni. Mama aliyetuuzia hakuwa na bango wala meza ya maana, alikuwa na foleni. Fuateni foleni ya wenyeji, si bango.

Kwa kahawa tukaenda Jaws Corner, pale njia kadhaa zinapokutana na wanaume wanakaa barazani wanacheza bao na dhumna na kuibomoa serikali na kuijenga upya kila jioni. Wanawake si wengi pale, lakini tulisogezewa nafasi mara moja. Kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mkono, kashata pembeni. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito akaulizia safari yetu, na baba watoto, kama kawaida yake, akamwaga yote.

"Maskati!" mzee akasema. "Dada yangu yuko huko tangu miaka ya sabini. Watoto wake Kiswahili chao kama changu. Wajukuu, ukiwasemesha wanafahamu, wanakujibu Kiarabu." Akanywa. Akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, kule unakwenda kufanya nini?"

Katika wiki tatu hakuna aliyeniuliza swali hilo. Mama yangu aliuliza kuhusu watoto, dada yangu kuhusu dhahabu, ofisini waliniuliza naacha lini. Nikamwambia mzee kwamba bado sijajua. "Basi jueni kwanza," akasema, akarudi kwenye bao lake.

Forodhani

Bustani za Forodhani jioni ni lazima, ila nendeni na macho. Mkiwahi kabla ya jua kuzama mtawaona vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani, kwa mbio na mapinduzi ya hewani, kila mmoja anamwangalia nani anamwangalia. Kisha taa zinawashwa, moshi unapanda, na wapishi waliovaa kofia ndefu wanaanza kuwaita. Ulizeni bei kabla ya kuchagua. Mishkaki ya samaki iliyopangwa kama maonyesho huwa imekaa hapo tangu alasiri; mimi napendelea kinachopikwa nikiwa nimesimama. "Pizza ya Zanzibar" haina undugu wowote na Italia: ni chapati nyembamba iliyofungwa nyama, kitunguu na yai, ikakaangwa mbele yako. Ishushieni kwa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Kama ni Ramadhani, kula mchana hadharani si adabu, lakini usiku Forodhani inachangamka kweli. Na mwezi wowote ule, mabega na magoti yafunikwe. Huu ni mji wa watu, wanaishi humu.

Tulikaa kwenye ukuta, miguu upande wa bahari.

"Yule mzee alikuuliza, hukumjibu," baba watoto akasema.

"Sikuwa na jibu lake. Ninalo lako." Nikamwambia kwamba bila kazi nitakwenda, nitapika, nitatabasamu kwenye picha, na nitamnunia miaka miwili. Kwamba atangulie. Desemba shule zikifungwa mimi na watoto twende tukaone, na wakati huo huo niulizie kama naweza kuhariri nikiwa huko.

Alikaa kimya. Pizza ilipoa. "Wenzangu wawili waliondoka hivyo," akasema. "Ndoa zikafia kwenye simu."

"Na zilizofia kwenye nyumba moja?"

Hapo ndipo tulipoanza kuongea hasa, na si kwa sauti ya chini muda wote. Pesa ya nani italipa nini. Mama yake, ambaye alitaka twende wote. Kwamba yeye hapiki na hajawahi kulala peke yake wiki nzima tangu tuoane. Kwamba mimi ninalipwa kidogo kuliko yeye, na hiyo haifanyi kazi yangu kuwa ya kupitisha muda. Kijana wa juisi ya miwa alikuja mara tatu kutuuliza kama tunaongeza. Mara ya nne aliacha vikombe viwili na kuondoka bila kusema kitu. Wauzaji walianza kuzima taa, paka wakamiliki bustani, sisi bado tuko pale.

Asubuhi, kabla ya boti, tulirudi Darajani kununua halua. Baba watoto akamwambia muuzaji apime kilo mbili za nyumbani, halafu akaongeza kilo moja, ifungwe peke yake.

"Hiyo ya nani?"

"Ya watakaonipokea Maskati."

"Halua? Huko ndiko ilikotoka!"

"Wataonja ya huku," akasema, akatoa pesa.